Baba Mkwe Afungue Mdomo

Chuoni kwetu Mbeya kulikuwa na ofisi moja niliyoapa kutoikanyaga. Ilikuwa nyuma ya bwalo la chakula, katika chumba kilichowahi kuwa cha kufulia mashuka, na mlangoni palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Huduma kwa Wanafunzi". Ndani alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, chupa ya chai, na kabati lililojaa makoti. Makoti hayo yalikuwa ya kuwaazima wanafunzi wa Pwani, ambao walifika Mbeya mwezi wa sita na vishati vya mikono mifupi, wakashangaa kuona moshi ukiwatoka mdomoni. Mimi ni wa Iringa. Baridi nimezaliwa nayo. Nilikuwa napita mbele ya mlango ule shingo juu, nikiwahurumia waliomo.

Mama wa kitengo, ndivyo tulivyomwita, alikuwa na kazi nyingi. Aliwasikiliza waliolia baada ya mtihani wa anatomia. Alimpangia kila mwanafunzi mwenza wa masomo, apende asipende. Mimi alinipangia msichana wa Dar aliyevaa koti la kuazima lililomfika magotini, mpole, mwenye kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kazi yake kubwa zaidi, hata hivyo, ilikuwa kuwatafutia wagonjwa wanafunzi walioishiwa wagonjwa. Maana mwanafunzi wa udaktari wa meno ni kiumbe wa ajabu: akili anaweza kuwa nazo, vitabu anaweza kuwa navyo, lakini hawezi kuhitimu bila vinywa vya watu wengine.

Mwaka wa mwisho nilibakiwa na kazi moja tu. Nilitakiwa kutengeneza meno bandia kamili, juu na chini, kwa mtu asiye na jino hata moja. Kazi hiyo isipokamilika na kusainiwa na mwalimu wa kliniki kabla kliniki ya wanafunzi haijafungwa, huingii chumba cha mtihani. Unarudia mwaka. Na mama yangu kule Iringa alikuwa ameshaitangazia jumuiya nzima kwamba mwanawe anahitimu, na mbuzi wa sherehe alikuwa ameshachaguliwa.

Mgonjwa nilikuwa naye, tena mzuri. Alikuwa bibi wa Mbalizi, muuza viazi, fizi zake laini na safi. Nilimchukulia vipimo vya mwanzo, tukapendana. Halafu asubuhi moja akanipigia simu kunijulisha kwamba viazi vimekomaa.

"Mjukuu wangu, meno yatasubiri," aliniambia. "Viazi havisubiri."

"Bibi, na mtihani wangu je?"

"Nao utasubiri. Ukishavuna usomi wako utanielewa."

Nilikasirika hata nikashindwa kula. Hasira zangu ni za kwetu, hazina breki. Nilipopoa, nilivaa viatu vya kutembelea nikaenda mwenyewe sokoni Mbalizi kutafuta mtu asiye na meno.

Msidhani ni kazi rahisi. Mtu asiye na meno hufunga mdomo, na mtu mwenye adabu hamwambii mzee afunue fizi zake katikati ya gulio. Njia pekee ni kumchekesha. Kwa hiyo nilizunguka soko zima nikiwatania wazee: nikamwambia muuza maharage kwamba maharage yake yamenuna, nikamuuliza muuza kuku kama jogoo wake ameoa. Walicheka. Walikuwa na meno. Sijawahi kuona kijiji chenye wazee wenye meno mengi kama siku ile. Hatimaye nikampata mzee mmoja muuza kamba za katani, mashavu yamebonyea vizuri kabisa. Nikamtania, akacheka, na pale chini nikaona meno mawili yamesimama peke yake. Uso ukanishuka.

"Binti," akasema, "mbona umehuzunika? Unauza nini?"

"Siuzi, baba. Natafuta mtu asiye na meno."

"Umfanyeje?"

"Nimwekee."

Akayagusa yale mawili kwa kidole, akayatikisa. "Basi rudi mwakani. Haya nayo yako njiani."

Jioni hiyo nikampigia bibi yangu mzaa mama, anayeishi Iringa mjini, juu kule karibu na soko. Nikamwuliza kwa sauti ya matumaini kama meno yake yapo. Akaniambia yapo yote, anamshukuru Mungu, na hapo tunapozungumza anakula muwa. Nikasema "Ah." Bibi akauliza mimi ni mtoto wa namna gani.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kesho yake nikabisha mlango wa kitengo.

"Wewe si yule wa shingo juu?" Mama wa kitengo akanimiminia chai. "Nilijua utakuja. Nyinyi Wahehe mnachelewa tu."

Wagonjwa wake wasio na meno walikuwa wameshagawanywa wote kwa waliowahi. Lakini akaiona pete kidoleni mwangu. "Umechumbiwa? Basi waulize upande wa mchumba. Huko hakosekani babu mmoja."

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Mbeya, kwao Tukuyu, Mnyakyusa wa kuzaliwa lakini wa bweni kwa malezi. Tangu ana miaka saba aliishi shuleni, nyumbani alikwenda likizo. Nilipomwuliza, alicheka kwa furaha. "Kwani babu wa nini? Baba mwenyewe hana hata moja. Kila mwaka msimu wa mahindi ananuna. Anasema kitu anachokikumbuka kuliko ujana wake ni mahindi ya kuchoma."

Nilifurahi sana. Baba mkwe sikuwa nimeonana naye. Barua ya uchumba ililetwa Iringa na washenga pamoja na shangazi wa mchumba wangu, dada wa mzee huyo. Nikaona hii ndiyo njia ya kuingia katika ukoo kwa kishindo: mkamwana anayekuja na meno! Nikamwomba mchumba wangu amweleze baba yake vizuri. Akasema ameshamweleza. Baadaye sana ndipo nilipojua alichoeleza: kwamba chuoni yupo daktari mmoja mwanafunzi, hodari, na atamtengenezea meno. Basi. Aliona mengine hayana haja.

Siku ilipofika, mzee alikuja na shangazi. Shangazi akapelekwa kwanza dirishani kuandikisha, na mzee akaletwa kwenye kiti changu: mrefu, koti la suti, kofia mapajani, mzee wa kanisa kabisa. Nilipiga magoti, nikamwamkia. "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, daktari," na mimi nikafikiri, ona unyenyekevu wa watu hawa, mkwe wangu ananiita daktari.

Kuna uji mmoja tunaoutumia kuchukua umbo la fizi. Ni wa waridi, unanukia minti, unaupakua kwenye trei, unauingiza mdomoni, na hapo hutakiwi kuutikisa mpaka ugande. Ukitikisika, umeharibu. Mwalimu wetu wa kliniki alikuwa mtu mkali juu ya jambo hilo kuliko Amri Kumi. Basi nilikuwa nimeingiza trei ya taya la juu, vidole vyangu vimeishikilia, barakoa nimeiteremsha kidogo ili nimwelekeze mzee apumue kwa pua, shangazi alipotokea mlangoni.

Aliniangalia. Nikamtabasamia.

"Mwe!" akapiga yowe. "Gwe mwanangu, unafanya nini? Mwachie! Huyo mkweo!"

Nilifikiri ananikumbusha tu. "Najua, shangazi!"

"Unajua?" Alishika kichwa. "Unajua, na umemtia mkono mdomoni?"

Hapo ndipo nilipofundishwa, kwa sauti iliyosikika kliniki nzima, kwamba kwao mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Hawasalimiani ana kwa ana. Mkamwana akimwona mkwe njiani anachepuka, anajifunika, anapisha. Na mimi nilikuwa nimesimama juu ya uso wake, pua kwa pua, vidole viwili vimo ndani. Shangazi alivua kanga yake ya begani akanirushia kichwani. Ikanifunika macho.

"Kimbia, mwanangu!"

"Usiachie!" Huyo alikuwa mwalimu wa kliniki, kutoka upande wa pili. "Haijaganda! Ole wako uachie!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilibaki hapo hapo, kanga kichwani, sioni kitu, nimeishikilia trei. Chini yangu mzee alikuwa ameelewa yote. Kusema hakuweza, mdomo umejaa. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu zote, mwenza wangu aliniambia baadaye, na chozi moja limemtoka pembeni. Mimi nilikuwa nasali kwa lugha zote ninazozijua, na nyingine nisizozijua. Uji ule haukuwahi kuchelewa kuganda kama siku hiyo.

Ulipoganda nilivuta. Mzee akainuka, akajifunika uso kwa kofia, akatoka akipapasa ukuta. Shangazi akamfuata. Nilibaki na trei mkononi. Mwalimu wa kliniki akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akasema hajaona alama nzuri kama ile muhula mzima. Nikaangua kilio mbele ya darasa zima, mimi wa shingo juu.

Mwenza wangu wa Dar alinivika koti lake la kuazima, akanishika mkono, akanipeleka kule kule nyuma ya bwalo. Nikamweleza mama wa kitengo kila kitu. Alipofika pale niliposema "najua, shangazi", alivua miwani akafuta macho, na sikujua kama analia au anacheka. Alikuwa akicheka.

"Nilisema umtafute babu wa huko, mtoto wewe. Sikusema baba mkwe!" Naye alikuwa Mnyakyusa, wa Kyela. Sikuwa najua, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwuliza lolote. "Kaa hapa. Unywe chai. Usiende popote."

Aliwakuta getini wakisubiri gari, kofia bado iko usoni. Walizungumza kwa lugha yao. Aliponirudia alikuwa na habari nzuri na mbaya. Nzuri ni kwamba mzee hakuwa na hasira nami hata kidogo. Mtoto wa watu hakujua, na aliyepaswa kumwambia, mwanawe mwenyewe, alikuwa amekaa bweni mno. Mbaya ni kwamba alikuwa anarudi Tukuyu bila meno. Hawezi kukaa tena uso kwa uso na mkamwana wake, na mwacha mila ni mtumwa.

"Kwa hiyo ndiyo mwisho," nikasema. Niliwaza mtihani, nikawaza mama na mbuzi wake, nikawaza mzee anayenuna kila msimu wa mahindi.

"Amesema uso kwa uso," akajibu mama wa kitengo. "Kwani meno yako usoni? Meno yako mdomoni. Kile kitambaa chenu cha kijani cha upasuaji, chenye tundu katikati, mnacho?"

Tulikuwa nacho. Na wiki iliyofuata mzee alirudi, kwa sababu mama wa kitengo alikuwa ameshakwenda Tukuyu mwenyewe siku ya Jumamosi kumwomba. Mwenza wangu alimkalisha, akamfunika kitambaa kuanzia nywele hadi kifuani, tundu likaja sawasawa mdomoni. Ndipo nikaitwa mimi. Niliingia kimyakimya, kanga kichwani, na mbele yangu palikuwa na kitambaa cha kijani na mdomo. Hakuna mtu. Shangazi alikaa katikati yetu kwenye kigoda, kama spika wa bunge.

"Shangazi, mwambie baba afungue mdomo."

"Anasema ufungue mdomo."

"Mwambie nimefungua."

"Anasema amefungua."

"Naona, shangazi. Mwambie aulegeze ulimi."

"Anasema ulimi wako una wasiwasi."

"Sikusema hivyo!"

Wanafunzi wenzangu walianza kuacha wagonjwa wao kuja kuchungulia. Mwalimu wa kliniki aliwafukuza, halafu akabaki yeye. Taya la chini lilipatikana. Kliniki ilikuwa inakaribia kufungwa, na mimi nikaanza kulala vizuri.

Lakini meno bandia yana sehemu moja ambayo kitambaa hakisaidii. Unayapanga kwenye nta, unayajaribisha mdomoni, na hapo lazima uutazame uso wote: kama mstari wa katikati umelingana na pua, kama midomo inafumbana bila kulazimishwa, na zaidi ya yote, mtu akicheka meno yaonekane kiasi gani. Yakizidi, anafanana na farasi. Yakipungua, amebaki kibogoyo kwa kazi zote mlizofanya. Mwalimu alisema waziwazi hasaini bila hilo. Na mimi uso ule sikuruhusiwa kuuona.

"Yeye ataona," akasema mama wa kitengo, akimwonyesha mwenza wangu. "Nilimpanga wa nini? Huyu awe macho, wewe uwe mikono."

Mwalimu alifikiri, akakubali, mradi mikono iwe yangu peke yangu. Wakafunga shuka kwenye kamba. Upande mmoja mzee, bila kitambaa, na mwenza wangu mbele yake na rula. Upande wa pili mimi, na taa ya kuyeyushia nta. Yeye alitamka, mimi nikarekebisha. Kushoto kidogo. Bado. Hapo hapo. Yule msichana niliyemwona mzigo alikuwa na macho ya fundi cherehani. Mwanzo alinong'ona na kuomba radhi kila neno, baadaye akawa ananifokea kabisa, "Nimesema kushoto!", nami nikatii.

Ikabaki kicheko. Alimwomba mzee acheke. Mzee akatoa meno kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Akamwomba tena. Akasema yeye hawezi kucheka kwa amri, si mtoto. Shangazi akajaribu kumkumbusha siku ng'ombe wao alipoingia kanisani. Akasema ng'ombe yule alikuwa wake na kisa hicho hakijawahi kumchekesha. Mwalimu akatazama saa yake.

Kuzungumza naye sikuruhusiwa. Ila kuzungumza na shangazi niliruhusiwa.

"Shangazi," nikasema kwa sauti, "nikusimulie nilivyotafuta mtu asiye na meno sokoni Mbalizi?"

Nikamsimulia. Maharage yaliyonuna, jogoo aliyeoa, mzee wa kamba na meno yake mawili yaliyokuwa njiani. Nilipofika kwa bibi yangu wa Iringa na muwa wake, na ile "Ah" iliyonitoka, nikasikia upande wa pili wa shuka kitu kama mtu anayekohoa. Kikakua. Halafu mzee akacheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni, na kiti kikalia pamoja naye, na mwenza wangu akapaza sauti, "Yashushe! Kidogo tu! Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Nilishusha. Mwalimu wa kliniki akaenda kutazama, akarudi upande wangu. Akasaini bila kusema neno, na kwa mtu yule hayo yalikuwa maua.

Kabla kliniki haijafungwa meno yakakamilika, mzee akaondoka nayo mdomoni. Mtihani niliufanya, nikafaulu. Mbuzi akaliwa. Mama yangu alimpelekea mama wa kitengo gunia la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, hata ofisi ile ikaacha kunukia sabuni. Siku hizi nafanya kazi Iringa, na nikimsikia mwanafunzi wa mazoezi akijigamba kwamba yeye hahitaji msaada wa mtu, namwuliza kama ameolewa.

Lakini nilichotaka kusimulia hasa ni mara ya kwanza nilipokwenda Tukuyu kama mke wa mtu. Ulikuwa msimu wa mahindi. Nilikuwa jikoni na shangazi, na upande wa pili wa ukuta wa mbao palikuwa sebule, ambako mkamwana haingii mkwe akiwapo. Niliwapelekea mahindi ya kuchoma kwa mkono wa shangazi. Nikasikia kiti kikiburutwa, kikasogezwa hadi kwenye ukuta wetu, karibu kabisa na nilipochuchumaa. Halafu nikasikia mtu anatafuna. Taratibu, kwa nguvu, bila haya, mzee wa kanisa mwenye adabu zake anatafuna kwa kelele kuliko mtoto, ili nisikie.

Nilishika mdomo. Machozi yalinijaa, ya furaha tupu, sikuona hata moto.

"Shangazi," nikasema nilipoweza, "mwambie baba asigugune kwenye gunzi kwa meno ya mbele. Apukuchue kwanza."

"Anasema upukuchue kwanza," shangazi akapaza sauti.

Upande wa pili kutafuna kukaendelea, kwa kelele zaidi.